Ghorofa Nne Ndani ya Sufuria Moja

Magoti yangu yalikataa ngazi mwezi uliopita. Sikubishana nayo, yamenibeba miaka mingi bila kudai kitu. Nilishuka, nikamvulia mwenzangu Halima mkanda wangu wa kuning'inia, nikaenda nyumbani nikalala mchana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya nikiwa mzima. Siku ya tatu nikachoka kulala. Ndiyo sababu naandika.

Nawaandikia nyinyi mnaobaki na ndoo. Naandika kwa mkono wangu, na shule nilikwenda mpaka darasa la tatu tu kijijini kwetu Wema, kwa hiyo mkikuta herufi imelala, iacheni ilale. Mambo ya nani alipata cheo gani hamtayaona humu. Kwetu aliyepanda alipanda ngazi, na akimaliza alishuka kama wengine. Nataka kuwaeleza jinsi tulivyopata jengo letu la kwanza kubwa, kwa sababu nasikia wengine wenu mnalisimulia vibaya. Wako wanaosema Hajji Noor, mwenye jengo, alinionea huruma. Hajji namjua. Huruma si ugonjwa wake.

Nilianza kushika kioo nikiwa na miaka arobaini na kitu, mama wa watoto wanne. Wakati huo nilikuwa nasafisha vyumba kwenye gesti moja hapa Garsen. Asubuhi moja nilikuwa nje, nasugua kioo cha mlango kwa gazeti lililoloa, jua linanipiga kisogoni, nikasikia mtu nyuma yangu.

"Mama, hicho kioo kimekukosea nini?"

"Ni kichafu," nikasema.

"Kilikuwa kichafu. Sasa ni kichafu na kimeloa."

Huyo ndiye Bwana Lali, mtu wa Kipini, aliyeosha madirisha ya mahoteli Mombasa mpaka mvi zikamtoka, kisha akaja Garsen kumfuata mke. Wa tatu au wa nne, hesabu hiyo haikuwa wazi hata kwake. Alikuwa na ngazi ya mbao, ndoo mbili, na raba, yaani ule mpini wenye ulimi wa mpira wa kuvutia maji. Sikuwa nimewahi kuona raba. Alipitisha mara moja kutoka juu mpaka chini, na barabara yote ikaonekana ndani ya mlango, na punda ndani yake. Nikamwambia anifundishe. Akasema yeye hafundishi wanawake kupanda ngazi. Nikamwambia mimi nimekua nikipanda minazi na miembe ya baba yangu, ngazi yake ina hatua, mnazi hauna. Akafikiri kidogo akasema njoo kesho.

Wiki nzima hakunipa maji. Kila siku nilisimama mbele ya kioo, ananiuliza naona nini. Nikisema vumbi, ananiambia bado sijaona. Watu wa Kipini macho huyaita mato, maji huyaita mai, na kwanza wanasema kwanda, basi neno lake lilikuwa moja: "Kioo husafishwa na mato kwanda, mwanangu. Mai ni ya mwisho." Alinionyesha kwamba kioo kinatazamwa kwa ubavu, jua likiwa limelala, wala si saa sita ambapo kila kitu kinang'aa hata uchafu. Alinifundisha kuosha upande wa magharibi asubuhi na wa mashariki baada ya adhuhuri, ili jua lisikukaushie sabuni kabla hujaivuta. Alinifundisha kwamba kitambaa cha pembeni hakigusi katikati. Mambo madogo. Nimeona watu wazima wakishindwa nayo.

Kosa langu la kwanza kubwa nalikumbuka kuliko sifa zote nilizopata baadaye. Bwana Lali alinituma peke yangu kuosha ofisi ya kituo kimoja cha mafuta. Mto ulikuwa mbali, kisima kilikuwa palepale, nikachota maji ya kisima. Kuosha niliosha vizuri. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, ofisi yote ilikuwa nyeupe kama imepakwa unga wa sima. Mwenye kituo alinitazama, akatazama kioo, akauliza kama nimemaliza au nimeanza kupaka rangi.

Maji ya visima vyetu yana chumvi. Yakikauka juu ya kioo, chumvi inabaki. Na maji ya mto yana tope, kila mtu anajua. Kwa hiyo Bwana Lali akauliza: sisi wa Garsen tuoshe kwa nini, kwa mate? Hapo ndipo mimi nilipomfundisha yeye. Mama yangu kule Wema alikuwa anaweka maji ya mto kwenye mitungi, anazungusha jiwe la shabu mara chache, anayaacha siku mbili tatu. Tope lote linakaa chini. Juu unachota maji ambayo hata chai yake ni tofauti. Tukaweka pipa. Tangu siku hiyo hatukuosha kwa maji mengine, na Bwana Lali akaanza kuwaambia watu ni akili yake. Nikamwacha. Mzee akishakufundisha ngazi, mwachie pipa.

Kisha mambo mawili yakaja pamoja. Bwana Lali akarudi Kipini kwa sababu ya mgongo, akaniachia ngazi, raba na kamba mbili za kuning'inia alizokuja nazo kutoka Mombasa. Na mwaka huohuo mto ulifurika ukachukua mpunga wote wa mume wangu, Baba Jillo, siku chache kabla hajaanza kuvuna. Nyumba ikabaki na mshahara wangu wa gesti. Mtu mwenye akili angeushika kwa mikono miwili. Mimi niliuacha. Nilikuwa nimekwisha kusikia kwamba jengo la ghorofa nne, la vioo mbele na nyuma, linamaliziwa pale njia panda, na mwenyewe anatafuta mtu wa kuliosha.

Sikuacha peke yangu. Niliondoka na wenzangu wawili tuliokuwa tukisafisha vyumba pamoja: Halima, binti wa Kiorma, mrefu, asiyeogopa kitu kilicho juu wala kilicho chini, na Kadzo, Mgiriama, anayeogopa ngazi lakini ukimpa ndoo anafanya kazi ya watu watatu na kusema maneno ya watu sita. Msimamizi wa gesti alituambia mlango uko wazi tukishindwa, ila tutaanza upya na mshahara wa mgeni. Kwa hiyo muelewe hali ilivyokuwa. Mpunga hakuna, gesti hakuna, kulikuwa na jengo moja tu. Tukilikosa, tunarudi watatu, vichwa chini, kuomba mafagio yetu wenyewe.

Tangazo la tenda lilibandikwa mlangoni. Jumatatu watu wote watembezwe jengo, Ijumaa barua zifike. Jumatatu nilivaa suruali ya Baba Jillo, leso juu yake, nikaenda. Mji ulisema kuhusu hiyo suruali. Mji ulikuwa haujamwona, kutoka chini, mwanamke aliye ghorofa ya nne amevaa leso peke yake, ndiyo maana ulikuwa na la kusema.

Tulikuwa watatu: mimi, mtu mmoja wa Malindi ambaye alitazama juu mara moja na hatukumwona tena, na Feisal, bwana wa kampuni moja ya Mombasa, fulana ya kola, viatu vyeupe. Viatu vyeupe Garsen ni ishara ya mtu asiyekusudia kukaa. Meneja wa jengo akatutembeza ghorofa kwa ghorofa. Feisal alikuwa anapiga picha kwa simu, anatembea.

Mimi nilikuwa na mifuko mitatu ya kitambaa kiunoni. Kuandika naandika, lakini hakuna anayeweza kuandika na kutazama juu kwa wakati mmoja. Basi kwa kila kioo kinachofikiwa kutoka chini nilitia mfukoni punje ya mahindi. Kinachohitaji ngazi, kunde. Kinachohitaji kamba, pojo. Ndivyo baba yangu alivyohesabu mashina ya migomba yake, na hakuna aliyewahi kumuibia shina.

Feisal akaniona natia punje. "Mathe, unapanda shamba humu?"

"Napanda. Wewe endelea kuvuna picha."

Meneja akakohoa ili asicheke. Nikaridhika na nafsi yangu, na hapo ndipo nilipoharibu. Kwa sababu Jumatatu ile nilihesabu tu. Sikutazama. Miaka yote ya Bwana Lali na mato yake, na siku ya maana nikasahau, kwa kuwa nilikuwa nashindana na viatu vyeupe.

Adhuhuri nilirudi nyumbani, nikaweka mifuko mezani bila kuhesabu, nikatoka kwenda kwa Halima na Kadzo kupanga siku za kazi. Nilifikiri jioni tutakaa watatu tuzihesabu kwa utulivu. Niliporudi, magharibi imekaribia, nikakuta moshi nyuma ya nyumba na Baba Jillo ameshika mwiko.

Lazima muelewe kwamba Baba Jillo hajawahi kupika tangu anioe. Lakini mpunga ulipokwenda na mto, alibaki nyumbani mchana kutwa bila kazi, na siku hiyo, kati ya siku zote za Mungu, aliamua anisaidie.

"Keti," akasema. "Leo wewe ni mgeni."

Nikaketi. Akaniletea sahani. Nikatazama ndani. Mahindi, kunde, na vitu vidogo vya kijani vilivyopasuka.

"Hivi umevitoa wapi?"

"Mezani. Ulisahau kuvipeleka jikoni."

"Vilikuwa kwenye mifuko mitatu, Baba Jillo."

"Niliona. Nikajiuliza, mtu mzima anatenganisha chakula kwa nini, na vyote vinakwenda tumbo moja. Halafu vilikuwa kidogo. Nikaongeza kibaba cha kunde, na mahindi yale ya kwenye debe."

Niliweka sahani chini. "Umepika tenda," nikamwambia.

Akatafuna, akafikiri. "Chumvi imepungua?"

Nikamweleza. Akakoroga sufuria kwa mwiko. Kisha akasema tuhesabu zote zilizomo sufuriani, halafu tutoe kibaba. Baba Jillo alisoma mpaka darasa la saba, na elimu humfanyia mtu hivyo. Nikamuuliza na hizo alizokwisha kula. Akasema amekula vijiko vinane, hawezi kusahau. Na bakuli alilopeleka kwa jirani, nililoliona nikirudi? Hapo akakaa chini. Jengo la ghorofa nne lilikuwa limegeuka mtaa mzima, na mtaa wenyewe umeiva.

Tukala. Jengo zima si kitu cha kumwaga.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa meneja kuomba niingie tena. Akakataa. "Mama Jillo, wote mliingia mara moja. Nikikuingiza wewe mara ya pili, nitawaambia nini wale wengine?" Alikuwa na haki, na mpaka leo ninamkasirikia kidogo.

Basi nikavuka barabara, nikaketi kwenye kibanda cha chai kinachotazamana na jengo. Safari hii nilichukua kokoto. Baba Jillo ana meno mazuri, lakini si ya kokoto. Nikahesabu upande wa mbele. Nikazunguka upande wa msikitini, nikahesabu wa nyuma. Nikarudi kwenye chai. Kazi ya kuhesabu iliisha mapema, lakini nikaona haya kusimama na kwenda zangu, maana nilikuwa bado sijui bei ya kuandika. Nikaagiza kikombe kingine. Mwenye kibanda, alipoona ni cha tano, akaniuliza taratibu kama nimefukuzwa nyumbani.

"Natazama," nikamwambia.

"Unatazama nini?"

"Bado sijui."

Na kweli sikujua. Ila kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kufanya, nilianza kutazama kama nilivyofundishwa. Saa saba hivi trekta likaleta tangi la maji kwa jengo. Nikamwendea dereva nikaomba maji ya kunawa, nikaonja. Kisima. Mtu yeyote atakayefungua bomba la jengo lile na kuosha, atapaka unga ghorofa zote nne. Nikarudi kuketi. Alasiri jua likaanza kulala upande wa magharibi, ule wa msikitini, nikahama na kiti changu. Nikatazama kwa ubavu. Ukuta wote ulikuwa na tetekuwanga. Matone ya simiti, matone ya rangi, gundi ya mafundi, kuanzia ghorofa ya kwanza mpaka juu. Jumatatu saa nne asubuhi, tulipotembezwa, hakuna jicho ambalo lingeyaona. Kuyatoa hayo si kazi ya sabuni. Ni kazi ya wembe na ndimu, tone kwa tone, siku nyingi.

Alhamisi nilikwenda kuchapa barua. Binti wa saiba, duka la kompyuta, alikuwa na haraka. Nikamwambia aandike bei mbili: moja ya kuosha mara ya kwanza, ambayo ni kubwa, na nyingine ya kila mwezi, ambayo ni ndogo. Aandike kwamba maji tutaleta wenyewe kutoka mtoni, yatakaa siku tatu kwenye mapipa. Aandike kwamba magharibi pana simiti.

"Mama, tenda hazina hadithi," akasema. "Watu wanaweka bei tu."

"Andika, mwanangu. Hadithi ndiyo bei."

Ijumaa baada ya swala tukaitwa ofisini. Hajji Noor mwenyewe alikuwepo. Ni mtu wa Madogo, amejenga jengo lake kwa ng'ombe na malori, mwembamba, ana kofia ya kufumwa na mswaki mdomoni. Meneja akafungua barua mbili. Ya Feisal ilikuwa na bei moja, na bei yangu ya kwanza ilikuwa juu yake sana. Hakuna aliyehitaji kusoma mpaka darasa la saba kuliona hilo. Halima, aliyekaa kando yangu, akashika leso yangu chini ya meza.

Hajji akanigeukia. "Wewe mama iko hapa Garsen. Nauli hulipi, hoteli hulali. Huyu ametoka Mombasa. Kwa nini bei yako iko juu?"

"Kwa sababu yeye ameomba kuosha picha," nikasema. "Mimi nimeomba kuosha jengo."

Feisal akacheka. "Mathe, picha ni za jengo hilihili."

"Za saa ngapi?"

"Saa nne. Si tulikuwa wote?"

"Basi Hajji akienda kuswali alasiri, akitoka msikitini ageuke atazame nyumba yake. Nami nitakuwa nimesimama pale."

Akakubali, labda kwa sababu ya kuona haya kumkatalia mtu jambo linalopita njia yake. Alasiri tukasimama wote upande ule: Hajji, meneja, Feisal, sisi wanawake watatu, na watu kumi wa msikitini ambao hawakualikwa. Jua likalala. Tetekuwanga ikatoka. Hajji akasogea, akakwaruza tone moja kwa ukucha. Halikutoka. Akajaribu jingine.

"Huyu ni nini?" akamuuliza Feisal.

"Hiyo ni takataka ya ujenzi, Hajji. Hiyo ina bei yake kando. Huwa tunaongea tukishaanza kazi."

"Mkishaanza," akasema Hajji.

Aliyasema taratibu sana. Mfanyabiashara wa ng'ombe hapendi kuambiwa kwamba mguu wa nne unauzwa kando.

Nilidhani tumemaliza. Kadzo alikuwa ameshaanza kutabasamu. Ndipo meneja, yule mwenye haki, akapindua kurasa zake akasema, "Lakini Hajji, barua ya Mama Jillo ina vioo mia mbili na nne. Ramani ina mia mbili ishirini na mbili. Vioo kumi na nane vya ngazini, kwenye uwazi wa ndani, hajaviweka."

Ngazi ile iko katikati ya jengo. Kutoka kwenye kibanda cha chai haionekani hata ukinywa vikombe mia. Jumatatu nilikuwa nimetia punje kwa kila kimoja, na Jumanne sikuvikumbuka. Nikaona mafagio matatu ya gesti yamesimama mlangoni yanatungoja. Ningeweza kusema binti wa saiba amekosea kuchapa. Neno lilikuwa ulimini. Lakini nilikuwa nimetoka kumwambia Feisal mbele ya watu kwamba hakutazama.

"Nilivihesabu Jumatatu, Hajji," nikasema. "Mume wangu akavipika."

Watu wa msikitini wakasogea karibu.

"Akavipika," akasema Hajji.

Nikaeleza. Mifuko, mahindi, kunde, pojo, kibaba, bakuli la jirani. Sikupunguza kitu. Feisal alicheka mpaka akaketi juu ya jiwe na viatu vyake vyeupe. Hajji hakucheka. Alitoa mswaki mdomoni.

"Na wewe ulikula?"

"Nilikula, Hajji. Sahani mbili."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kifupi, kama mtu anayekohoa. Kisha uso ukarudi mahali pake. "Na hawa kumi na nane?"

"Nitaviosha kwa bei ileile iliyoandikwa, kila mwezi tutakaokuwa hapa. Jiko ni langu."

Akatazama ukuta, akatazama meneja. "Osha mara ya kwanza," akasema. "Nikipenda, tutaongea habari ya mwaka. Nisipopenda, nampigia huyu simu." Feisal akampa kadi. Nilimheshimu kwa hilo. Mtu aliyeketi juu ya jiwe akicheka bado akakumbuka kutoa kadi.

Kazi ile ndiyo ngumu kuliko zote nilizofanya. Mkokoteni wa punda ulileta maji, mapipa sita, tukazungusha shabu, tukasubiri siku tatu mikono imekunjwa huku mji ukiuliza kama tumegoma. Asubuhi tulikuwa magharibi kwenye kivuli, jioni mashariki. Halima alining'inia kwenye kamba, amekalia ubao wake kama amekaa barazani kwao. Kadzo alikuwa chini na ngazi fupi. Mimi nilishika wembe. Na hili mlisikie vizuri: wembe juu ya kioo kikavu ni kisu. Kiloweshe kwanza, laza wembe, sukuma upande mmoja tu, usirudi nyuma. Tone likikataa, kamulia ndimu, lifunike kwa kitambaa, nenda kwa jingine, urudi baada ya saa. Tulimaliza gunia la ndimu za Golbanti. Vidole vyangu vilichunika vikanuka achari, Baba Jillo akasema kwa mara ya kwanza tangu mafuriko nanukia chakula.

Kioo kimoja cha ghorofa ya nne kilikuwa na tone kubwa kama sarafu. Halima akataka kuliacha. "Nani atapanda kuliona huku?" akaniuliza. Nikamwambia sisi tumepanda. Tukalifanyia nusu siku.

Siku ya mwisho Hajji alitoka msikitini alasiri, akaja peke yake. Hakusalimia. Alisimama kwa ubavu, kama vile yeye pia amefundishwa na mtu wa Kipini. Akatembea ukuta wote mpaka mwisho na kurudi. Sisi watatu tulisimama na ndoo zetu. Kisha akasogelea kioo cha chini, karibu kabisa, nikajua anatafuta tone. Akakaa hivyo. Halafu akainua mkono akarekebisha kofia yake, akaivuta kidogo upande wa kulia, akageuza uso kutazama upande wa pili kama imekaa sawa.

Mtu akirekebisha kofia mbele ya kioo chako, funga mdomo. Kadzo alitaka kusema jambo, nikamkanyaga mguu.

"Meneja," Hajji akaita. "Leta karatasi ya mwaka."

Karatasi ikaja. Meneja akataka kunisomea, nikamwambia hapana. Nikaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya mstari, ukurasa wa kwanza na wa pili, na yale maandishi madogo ya chini pia. Jua lilikuwa linazama. Hajji alitazama saa yake mara mbili. Mahali palipoandikwa mia mbili na nne nikamwambia meneja akate, aandike mia mbili ishirini na mbili. Kisha nikaandika jina langu lote.

Jumatatu ya wiki mbili baadaye nilikuwa ghorofa ya nne mwenyewe, juu ya ubao, raba mkononi. Hajji akatoka mlangoni chini na wageni wawili kutoka Madogo, akasimama akiwaonyesha jengo lake, mkono juu. Akaniona.

"Mama Jillo," akaita, "huko juu mnasemaje?"

"Tunasema usogee, Hajji. Maji yanashuka."

Akasogea.